Spider-Man na nyimbo anazovalishwa: kwa nini nyingine zinamkaa na nyingine zinapwaya

Kila filamu mpya ya mashujaa wa katuni inapotoka, mchezo uleule unarudi mtandaoni. Watu wanachukua picha za shujaa, wanazitandikia wimbo maarufu, na kabla wimbo haujaisha ugomvi umeshaanza. Mmoja anaapa kuwa wimbo huu uliandikwa kwa ajili yake. Mwingine anasema hakuna uhusiano wowote, ni wewe tu umeupenda. Wa tatu anafunga mjadala: si ulipigwa kwenye filamu? Wote wanatumia neno moja, "unaendana", na kila mtu ana lake kichwani.

Chukua "Iron Man" wa Black Sabbath, bendi ya Uingereza. Wimbo ulitoka mwaka 1970 katika albamu Paranoid. Shujaa wa Marvel, kampuni ya katuni, mwenye jina hilo alikuwa kwenye katuni tangu 1963, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba bendi ilimwimba yeye. Sasa sikiliza kisa kilichomo. Kuna mtu anasafiri hadi wakati ujao, anaiona dunia ikiangamia, anarudi kuwaonya watu, lakini njiani anageuka chuma na hawezi tena kusema. Watu wanampita kama sanamu. Hasira inampanda, anawageukia, na maangamizi aliyoyaona kumbe ni kazi ya mikono yake mwenyewe. Hapo Tony Stark, mtu aliye ndani ya vazi la Iron Man, yuko wapi? Stark ni tajiri, ni mzungumzaji asiyenyamaza hata anapopigwa, na watu wanamshangilia kila apitapo. Filamu ya Iron Man ya 2008 ilipouweka wimbo huo mwishoni, majina yanapopita, watu wakauhesabu kuwa wake. Kinacholingana ni jina peke yake.

Basi tuelewane kwanza kuhusu maneno. Nikisema katuni hapa nina maana ya vitabu vyembamba vya michoro vinavyotoka kila mwezi, kila kimoja kikiitwa toleo na kikiwa na namba yake. Mkasa ni kisa chenye mwanzo na mwisho, kiwe cha toleo moja au sita. Spider-Man ana zaidi ya miaka 60 ya mikasa, kwa hiyo ukisema wimbo fulani "ni wa Spider-Man" hujasema kitu. Wa mkasa upi? Akiwa na umri gani? Kabla au baada ya msiba gani?

Na nyimbo zenyewe ni za aina tatu ambazo watu huzichanganya. Upo wimbo wa utambulisho, ule unaofungua kipindi. Upo wimbo wa filamu, ambao studio imeuagiza au imeununua ili usikike humo. Halafu upo wimbo wa kuoanishwa: ulitungwa na mtu ambaye pengine hakuwahi kushika katuni, ukakutanishwa na mkasa na msomaji aliyeona kitu. Ugomvi wa mtandaoni unahusu hii ya tatu, lakini watu huleta ushahidi wa zile mbili za kwanza.

Wimbo wa utambulisho tuumalize upesi. Ule wa kipindi cha televisheni cha 1967 unajulikana hata na watu wasiojua kingine chochote kuhusu Spider-Man. Maneno yake yaliandikwa na Paul Francis Webster, mtunzi aliyekuwa na tuzo za Oscar kabatini, na muziki ni wa Bob Harris. Mwaka 1995 bendi ya Ramones iliurekodi upya kwa kasi yao ya kawaida, yaani bila kuvuta pumzi. Hapo kuna utamu mdogo: Ramones walianzia Forest Hills, mtaa wa Queens jijini New York, na Peter Parker, kijana aliye nyuma ya kinyago cha Spider-Man, katunini anakaa Forest Hills hiyohiyo. Lakini wimbo wenyewe unaeleza tu kazi anazoweza kuzifanya: anapanda kuta, anafuma utando, anakamata wezi. Ni kama kitambulisho. Kitambulisho kinataja jina na sura ya mtu, hakisimulii yaliyompata jana usiku. Kwa hiyo unafaa kila toleo, na hakuna toleo moja unaoweza kulieleza.

Nyimbo za filamu zina tatizo jingine: zinaandikwa ziuzwe pia nje ya filamu, hivyo hazisemi mengi mno kuhusu mtu mmoja. "Hero" wa Chad Kroeger na Josey Scott, uliokwenda na filamu ya Spider-Man ya 2002, unaweza kumvalisha shujaa yeyote unayemtaka. Wimbo uliotumika kwa akili kuliko yote, kwa maoni yangu, ni "Sunflower" wa Post Malone na Swae Lee katika filamu ya vibonzo ya 2018. Miles Morales, kijana anayerithi kinyago hicho, yuko chumbani amevaa spika za masikioni, anauimba, na nusu ya maneno hayajui. Anaguna tu. Wimbo unazungumzia uhusiano wa kimapenzi unaolegalega, hauna habari yoyote ya buibui wala ya ushujaa. Lakini kule kuguna kumekuambia umri wake, upweke wake mzuri wa chumbani, na kwamba bado hajawa mtu ambaye dunia inamtegemea. Wimbo umefanya kazi kwa namna unavyoimbwa.

Sasa tuje kwenye kuoanisha kwenyewe.

Fikiria nguo. Nguo inakukaa kwa sababu ya mabega, kiuno na urefu, na rangi inafuata baadaye. Waoanishaji wengi huanzia kwenye rangi. Wimbo una neno "anga", shujaa anaruka angani, basi wameshamaliza. Wimbo una huzuni, mkasa una huzuni, imetosha. Wanakwenda nyumbani na shati jekundu zuri ambalo mikono yake inafika magotini. Fundi mzuri huchukua vipimo, na kwa wimbo vipimo ninavyoviamini mimi ni hivi: ni nani anayesema ndani ya wimbo, anamwambia nani, anajua nini wakati anaimba, na wimbo unageukia wapi. Nitaonyesha kwa mikasa michache kuliko kuendelea kueleza hewani.

Tuanze na vazi jeusi. Mwaka 1984 Spider-Man alianza kuvaa vazi jipya, jeusi lote, lenye buibui mkubwa mweupe kifuani. Lilikuwa zuri, lilijibadili kuwa nguo za kawaida kwa kufikiri tu, halikuhitaji kufuliwa. Tatizo lilikuwa moja: kila asubuhi Peter aliamka amechoka kana kwamba hakulala. Msomaji alioneshwa sababu kabla yake. Usiku vazi lilimpanda akiwa usingizini na kuutoa mwili wake dirishani, likazunguka nao mjini, likaurudisha kitandani. Halikuwa nguo bali kiumbe hai, na kilikuwa kimempenda. Alipogundua, alikitoa kwa msaada wa mwanasayansi Reed Richards, aliyetumia mawimbi ya sauti. Kikatoroka, kikamrudia, na mwaka 1985 wakamalizana kwenye mnara wa kanisa, kengele zikilia, maana sauti kali hukiumiza kiumbe hicho kuliko ngumi.

Waoanishaji wa rangi wanarukia hapo kwa furaha: kengele! Basi "Hells Bells" wa AC/DC, wa mwaka 1980, unaoanza kwa mlio wa kengele. Nimeujaribu. Sekunde za mwanzo zinasisimua kweli, kisha wimbo unaendelea na majigambo yake ya radi na kuzimu, wakati kwenye kurasa kiumbe kilichokataliwa kinatumia nguvu zake za mwisho kumtoa Peter kwenye zile kengele kabla hazijamuua. Yaani ukurasa unalia na wimbo unatamba. Unapwaya.

Weka badala yake "Every Breath You Take" wa The Police, uliotoka mwaka 1983 na kukaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki 8. Mtu atasema huo ni wimbo wa mapenzi, umepigwa kwenye harusi ngapi? Ndiyo, umepigwa, na Sting aliyeutunga amesema zaidi ya mara moja kwamba anauona ni wimbo wa kutisha: wivu, upelelezi, kumiliki mtu. Anayeimba ameachwa, na anamwambia aliyemwacha kwamba kila hatua yake anaiona. Sasa uliza kipimo cha kwanza. Ni nani anayesema? Ukimpa Peter maneno hayo hayana maana. Ukilipa vazi, kila mstari unakaa. Mwaka 1988 kiumbe hicho kinampata Eddie Brock, mwandishi wa habari aliyeharibikiwa na kazi na anayemlaumu Spider-Man kwa hilo, wanaungana na kuwa Venom. Chuki ya mmoja na uchungu wa mwingine. Venom anajua jina halisi la Peter, anajua anapolala, na mwishoni mwa toleo la 299 la The Amazing Spider-Man Mary Jane, mke wa Peter, anarudi nyumbani na kumkuta humo, meno yote nje. Kisha kuna hili la mahadhi. Wimbo ule ni laini, gitaa linatembea polepole kama mtu asiye na haraka, ndiyo maana watu walicheza nao harusini bila kusikia vitisho. Vazi nalo lilikuwa zuri. Walioshtuka wote walishtuka wakiwa wameshalivaa.

Kipimo hichohicho cha "nani anasema" kinaokoa wimbo mwingine ambao kwa kawaida hutumiwa vibaya. The Cure walitoa "Lullaby" mwaka 1989, na ndani yake mnatajwa waziwazi mtu-buibui. Kwa wawindaji wa majina hiyo ni zawadi. Lakini mtu-buibui huyo hana uhusiano na Marvel: anaingia chumbani gizani na kumla anayeimba, naye anayeimba ananong'ona kwa hofu kitandani. Ukiutandika chini ya picha za Peter akiokoa watoto, umechekesha. Ila kuna mtu mmoja katika katuni hizi anayemwona Spider-Man namna hiyo hasa, naye ni Kraven, mwindaji wa Kirusi. Katika mkasa wa 1987 uitwao Kraven's Last Hunt, ulioandikwa na J.M. DeMatteis na kuchorwa na Mike Zeck, Kraven hamwoni kijana wa Queens aliye nyuma ya kinyago. Anaona dubwana, buibui aliyemeza heshima ya familia yake. Anajitumbukiza katikati ya buibui, anawatafuna, apate kumjua mnyama wake. Ukiusoma ukurasa huo huku mnong'ono wa The Cure ukiwa masikioni, utatafuta mahali pa kuegemea. Wimbo ule ni wa adui, si wa shujaa.

Mkasa huo una wimbo mwingine pia, na huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu maneno hayana kazi kubwa ndani yake.

Kraven anampiga Spider-Man kwa bunduki yenye dawa ya usingizi, anamweka kwenye jeneza na kumzika akiwa hai. Wiki mbili. Huku nje Kraven amevaa mavazi ya Spider-Man na kuwinda wahalifu, kuthibitisha kwamba yeye ni bora. Mkasa una sehemu sita, na kwa sehemu nzima nzima shujaa mwenye jina lake juu ya jalada yuko chini ya udongo. Anapochimbuka ni sehemu ya nne. Mvua, kaburi, mkono.

"In the Air Tonight" wa Phil Collins, wa mwaka 1981, una urefu wa dakika 5 na nusu hivi kwenye albamu. Kwa sehemu kubwa ya muda huo hakuna kinachotokea. Mashine ya mdundo inagonga taratibu, kinanda kinaning'inia kama ukungu, na sauti inasema jambo linakuja. Unangoja. Unazidi kungoja. Kisha, karibu dakika ya 3 na sekunde 40, ngoma zinaanguka zote kwa pamoja na wimbo unakuwa kitu kingine. Hesabu kidogo: hapo theluthi mbili za wimbo zimeshapita. Sehemu ya nne kati ya sita inaishia theluthi mbili. Collins na DeMatteis hawakupanga hilo. Kila mmoja alijua tu ni muda gani mtu anaweza kufukiwa kabla ya kuhitaji hewa.

Wimbo huo una uzushi wake unaozunguka, kwamba Collins alimwona mtu akiacha mwenzake azame na akautunga kumfichua. Mwenyewe amekanusha. Aliuandika ndoa yake ikivunjika, akiwa na hasira. Nautaja uzushi huu kwa sababu waoanishaji huusimulia kama sababu ya kuuchagua wimbo, "mtu aliyeachwa afe". Hamna haja. Zile dakika tatu za kungoja zinatosha.

Huzuni iliyovaa furaha

Dhana nyingine inayopoteza watu ni kwamba wimbo wa furaha ni wa mkasa wa furaha. Spider-Man ni mtu wa utani. Anapigana na mtu mwenye mikono minne ya chuma huku akimtania miwani yake. Msomaji mgeni hudhani ni mtu mwenye raha. Msomaji wa muda mrefu anajua kwamba utani unaongezeka kadiri hofu inavyozidi.

"Help!" wa The Beatles, mwaka 1965, una kasi ya watu wanaokimbilia sherehe. Maneno ni ya mtu anayezama. John Lennon alisema baadaye kwamba kilikuwa kilio cha kweli, ingawa wakati ule hata yeye hakukitambua vizuri. Kasi ile kwenye wimbo inafanya kazi ileile ya utani kwa Peter. Ndiyo maana siuoanishi na toleo moja. Naupa kipindi kizima cha kwanza, kile cha mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko, kilichoanza na hadithi ya kurasa 11 katika Amazing Fantasy toleo la 15, Agosti 1962, ambamo kijana mmoja anamwacha mwizi apite kwa sababu haimhusu, na mwizi huyo baadaye anamuua mjomba aliyemlea. Baada ya hapo kila mzaha una mjomba Ben nyuma yake.

Kilele cha kipindi hicho ni toleo la 33 la The Amazing Spider-Man, Februari 1966. Peter amebanwa chini ya mtambo mzito kuliko gari moshi, maji yanavuja kutoka juu, na mbele yake, umbali asioweza kuufikia, imelala dawa itakayomponya shangazi May. Hapa hata waoanishaji wa rangi wanapatia: karibu kila mtu hutaja "Under Pressure", wa Queen na David Bowie, mwaka 1981, kwa sababu ya jina. Nilikuwa nimeshajiandaa kuukataa. Nilipoupima ukakaa. Ditko anachora visanduku vidogo vya jasho na kukata tamaa, vinapanuka ukurasa kwa ukurasa kadiri mtambo unavyonyanyuka, hadi kisanduku kimoja kinajaza ukurasa mzima. Wimbo nao unashuka katikati hadi mlio wa vidole na sauti ya chini, kisha unapanda, unapanda, hadi juu kabisa. Kilichonitia shaka ni kwamba wimbo una waimbaji wawili na chini ya mtambo yuko mtu mmoja. Lakini soma mawazo yake: mmoja anasema siwezi, mwingine anasema ni lazima. Wako wawili humo.

Kwa hiyo kuoanisha kwa neno si kosa lenyewe. Kosa ni kuishia hapo.

Kile kipimo cha "anajua nini" nakitaja kwa ufupi, kwa sababu kina mfano mmoja mkali. Peter na Mary Jane walioana katunini mwaka 1987. Mwaka 2007, katika mkasa wa One More Day, shangazi May yuko mahututi kwa risasi iliyomlenga Peter, na shetani mmoja aitwaye Mephisto anatoa biashara: maisha ya shangazi kwa ndoa yao. Wanakubali, na ndoa inafutika kana kwamba haikuwahi kuwapo. Mashabiki wengi hawajausamehe mkasa huo hadi leo. Wimbo unaoletwa mara nyingi ni "I Will Always Love You", wa Dolly Parton, 1974, au kwa sauti ya Whitney Houston, 1992. Huo nao hupigwa harusini ilhali ni wa kuaga. Parton aliuandika alipokuwa akiondoka kwenye kipindi cha Porter Wagoner, bosi wake wa kazi. Kuaga bila chuki, kwa hiari, kwa machozi: yote yapo. Lakini anayeimba anaahidi kukumbuka, na hawa wawili wanakwenda kusahau kila kitu. Je, umeharibika? Mimi naona ndipo unapouma. Ila mwisho wake uwe kabla ya saa kugonga usiku wa manane, muda aliowapa Mephisto. Ukiuendeleza hadi ukurasa ambapo Peter anaamka akiwa kapera, wimbo unakuwa unadanganya.

Wimbo ambao sitauvalisha mtu

Toleo la 121 la The Amazing Spider-Man, Juni 1973. Green Goblin, adui wa Spider-Man, amemteka Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, na kumpandisha juu ya daraja. Anamsukuma. Spider-Man anarusha utando, unamdaka mguuni kabla hajafika majini, na wakati anamvuta juu anajisifu kwa furaha, anazisifu nguvu zake. Kwenye kisanduku cha kudakwa, karibu na shingo ya Gwen, pameandikwa mlio mmoja kwa herufi ndogo: SNAP. Ukiwa na haraka hutauona. Peter hakuusikia. Amevuta mwili.

Kila ukiingia kwenye mijadala hii utakuta mtu ameweka "Tears in Heaven" wa Eric Clapton hapo. Kwa vipimo vyangu vyote unafaa, hata kupita kiasi, na ndilo tatizo. Clapton aliuandika na Will Jennings baada ya mwanawe wa miaka 4 kuanguka kutoka dirisha la ghorofa jijini New York mwaka 1991. Wimbo wa baba juu ya mtoto aliyeanguka, chini ya mchoro wa msichana wa katuni anayeanguka, mji uleule. Wengine wataniambia wimbo ukishatoka ni wa wote. Sawa. Mimi bado nauacha mahali pake.

Na hata bila hilo, tukio lile halitaki wimbo wa huzuni, kwa sababu mtu aliye ndani yake hana huzuni bado. Ana furaha. Huzuni inaanza sekunde moja baadaye. Wimbo wa majonzi ukianza mapema unamwambia msomaji jambo ambalo ukurasa umelificha kwa herufi nne. Ningeweka chochote cha shangwe kilichokuwa kikipigwa redioni mwaka ule, halafu ningekikata kwenye SNAP, na kurasa zilizobaki zisomwe kimya.

Wimbo ningeubakiza kwa toleo linalofuata. Katika la 122 Peter anamwinda Goblin, Goblin anakufa kwa chombo chake mwenyewe, na hakuna kinachopungua. Anarudi nyumbani. Mary Jane yupo, yule msichana wa sherehe ambaye hadi hapo alichukuliwa kama mtu wa juujuu asiyeweza kukaa chumba kimoja na msiba. Peter anamtolea maneno makali na kumwambia aende zake. Anakwenda mlangoni, machozi yanamtoka, mkono uko kwenye kitasa.

Bill Withers alitoa "Lean on Me" mwaka 1972, mwaka mmoja kabla. Alikuwa mtoto wa Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko West Virginia, akiishi Los Angeles na kuwakumbuka watu waliokuwa wakisaidiana bila kuombwa. Wimbo unaanza na kinanda tu, vidole vinapanda na kushuka kwenye vibao vilivyo jirani, kitu ambacho mtu anayejifunza wiki ya kwanza anaweza kukipiga. Pima. Nani anasema? Mary Jane, ambaye pale mlangoni hana neno. Anamwambia nani? Mtu ambaye hataki kusikia. Anajua nini? Kwamba atafukuzwa tena. Wimbo unageukia wapi? Haugeuki sana, na toleo lile pia haligeuki. Kuna mlio mdogo tu, kama ule wa daraja kwa udogo, safari hii wa kitasa. Mary Jane ameufunga mlango akiwa bado yuko ndani.